Notisi ya kudai deni imetenguliwa kortini, hivi ndivyo tulivyofanya

Wandugu, mwenye kampuni ndogo hapa Uganda asome hii. Supplaya wetu wa tairi alituletea notisi rasmi ya kudai deni chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2011, inasema lipa ndani ya siku 20 za kazi, la sivyo inahesabika kampuni haiwezi kulipa madeni na anaweza kuomba ifungwe. Lakini sehemu ya zile tairi tulishazirudisha!

Tukampigia simu, tukamwandikia barua, wakili akajibu notisi kwa maandishi, wapi. Barua haisimamishi siku, zinaendelea tu kuhesabika.

Kilichosaidia ni kwenda kortini kuomba notisi itenguliwe, na hapo muda ni mfupi zaidi, siku 10 za kazi tangu upokee. Kwa hiyo angalia tarehe iliyogongwa muhuri siku notisi inafika ofisini, usihesabu kutoka tarehe iliyoandikwa juu ya barua.

Sasa kitu chenyewe kilichobeba kesi: ile karatasi ya kurudisha tairi, imesainiwa na stoo yao, pamoja na imeili yetu ya kukataa invoisi, zote za KABLA ya notisi. Tuliziambatanisha kwenye hati ya kiapo, jaji akaona mgogoro wa deni ni wa kweli, haukutungwa juzi baada ya kubanwa. Akaitengua. Mdai bado anaweza kufungua kesi ya kawaida, ila kwa sasa tunakaa naye kupatanisha hesabu, na magari yanatembea, alhamdulillah.