Tulivyomwachisha kaka mnazi bila kuhatarisha maisha yake

Mtu aliyekunywa pombe kila siku kwa miaka, akiiacha ghafla anaweza kufa. Hilo ndilo nililotaka ndugu zangu walielewe kabla hawajamfungia kaka chumbani.

Kaka alikuwa mgema huku Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Alikuwa akipanda minazi alfajiri na jioni, na mnazi wa kwanza, yaani pombe ya utomvu wake, akiunywa akiwa bado juu. Kila asubuhi mikono ilimtetemeka mpaka apate kata moja. Shangazi yetu akatoa shauri afungiwe ndani, asipewe hata tone, mpaka pombe imtoke. Mwingine alisema ni pepo, apungwe.

Mimi nimesomea famasia, nikawaomba tukae mkekani tuzungumze.

Seli za ubongo zina vipokezi na milango ya ayoni, yaani protini ndogo zinazoruhusu chembe zenye chaji ya umeme kuingia na kutoka. Kipokezi kiitwacho GABA-A kikifunguka huingiza kloraidi, na seli ikatulia. Kile cha NMDA, kikiguswa na glutameti, kemikali ya ubongo inayoamsha seli, huingiza kalsiamu, na seli ikaamka. Hicho ndicho kinachosaidia kuweka kumbukumbu. Pombe hukipa nguvu cha kwanza na kukizuia cha pili. Mwaka 1989 mtafiti Lovinger na wenzake, huko Marekani, walipima seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na kuona ethanoli, yaani pombe yenyewe, ikipunguza umeme unaopita kwenye vipokezi vya NMDA. Juu ya hayo, pombe hufungua milango ya potasiamu iitwayo GIRK, seli zikazidi kupoa. Mlevi anapoyumba na kesho yake asikumbuke alichosema, hayo yote yamo.

Sasa, ubongo haukubali kulazwa kila siku. Vipokezi vya GABA-A hupunguza mwitikio, vya NMDA huongezeka. Hapo nikawapa mfano wa mashua, pombe ikiwa ndiyo upepo. Upepo ukivuma sana, mabaharia huketi juu ya ubao unaotokeza nje, upande upepo utokako, ili chombo kisilale. Upepo ukikatika ghafla nao wakiwa bado pale nje, uzito wao wenyewe ndio utakaokiangusha. Mama, binti wa baharia, alielewa kabla sijamaliza.

“Kwa hiyo mwanangu, tumwache aendelee kunywa?”

“Asikatizwe ghafla, mama, mpaka daktari amwone.”

Kwa daktari, kaka alisema anakunywa kidogo tu. Nilikuwa nimeshapita mangwe, yaani kilabu cha mnazi, muuzaji akanionyesha daftari la madeni, nikasoma hesabu ya chupa mbele ya wote wawili. Kaka alikasirika, lakini dozi hupangwa kwa kadiri ya unywaji, na sikuwa tayari kuificha.

Alilazwa. Akapewa diazepamu, dawa ya kutuliza ambayo hukisaidia kipokezi kilekile cha GABA-A, kisha ikapunguzwa kidogo kidogo ubongo upate muda wa kujirudi. Akapewa pia vitamini B1, kwa kuwa walevi wengi huikosa, na upungufu wake huharibu ubongo. Mimi nilikaa naye nikiangalia saa: kutetemeka huanza ndani ya siku ya kwanza baada ya kinywaji cha mwisho, kifafa mara nyingi huja ndani ya saa 48, na kuweweseka kwa hatari, mtu akiona visivyokuwapo, huja kati ya siku ya pili na ya nne. Alitoka jasho, akatapika, usiku mmoja moyo ukamwenda mbio mpaka nikamwita muuguzi. Kifafa hakikuja. Wala hakuweweseka.

Siku hizi kaka anaangua nazi, hagemi tena. Usingizi bado humkatika, na daktari alishatuambia kwamba hilo huweza kuchukua miezi. Shangazi yuleyule aliyetaka kumfungia ndiye anayemkumbusha tarehe za kliniki, na huenda naye.