Toledo, mbele ya kaburi la bwana wa Orgaz

Treni ya kutoka Atocha, Madrid, ilinifikisha Toledo kwa nusu saa hivi. Nilivuka mto Tajo kwa miguu, juu ya daraja la Alcántara. Jina hilo lilinisimamisha: ni Kiarabu kilekile kilichotupa sisi neno kantara, yaani daraja.

Jana yake, katika makumbusho ya Prado, nilikuwa nimemtazama kwa muda mrefu muungwana mmoja aliyechorwa na mchoraji El Greco karibu na mwaka 1580. Mkono wa kulia ameuweka kifuani kama mtu anayetubu au anayekula kiapo, na pembeni umechomoza mpini wa upanga uliotiwa dhahabu. Nguo nyeusi tii, kola nyeupe ya marinda. Nilikuwa nikidhani weusi ule ni unyenyekevu. Kumbe weusi uliokolea ulikuwa ghali, na miti ya kutia rangi ile ilivushwa bahari kutoka Campeche, Meksiko. Vazi lilelile lilitangaza uchaji na utajiri.

Ndiyo maana nilikwenda kanisa la Santo Tomé, kutazama picha nyingine ya El Greco, ya maziko. Picha ina kimo cha karibu mita 5, nayo iko juu ya kaburi lenyewe. Gonzalo Ruiz, bwana wa mji wa Orgaz, aliyefariki 1323, analazwa akiwa na deraya yake, amebebwa na watakatifu Stefano na Agustino walioshuka mbinguni. Nyuma yao wamejipanga waungwana wa zama za mchoraji, wakihudhuria maziko ya mtu aliyekufa miaka zaidi ya 250 kabla yao! Baadhi wana kifuani msalaba mwekundu wa Santiago, chama cha mashujaa wa Kikristo. Ili kuupata, mtu alichunguzwa ukoo wake, asionekane na damu ya Kiyahudi wala ya Kiislamu. Nikalikumbuka lile daraja, na moyo ukaniuma.

Gonzalo aliusia watu wa Orgaz walipe kanisa kila mwaka kondoo dume 2, kuku 16, viriba 2 vya divai, mizigo 2 ya kuni na sarafu 800 za maravedi. Mwaka 1564 wakagoma. Padri Andrés Núñez akawashtaki, akashinda 1569, na mwaka 1586 akaagiza picha hii.

Niliwatafuta watu wa Orgaz katika zile nyuso, moja baada ya nyingine. Niliona mapadri, watawa na mabwana wenye kola nyeupe. Wenye kuku hawamo.