Boti ya Bukavu ikitazamwa kutoka Idjwi

Kovariansi husifiwa kuliko inavyopigiwa hesabu. Inadai hivi: sheria ya fizikia iandikwe kwa namna ambayo ukibadilisha viwianishi (namba za kutaja mahali kitu kilipo), tarakimu zitabadilika lakini sura ya mlinganyo itabaki. Jioni hii naipima ziwani Kivu, uso wa maji tukiuchukua kuwa bapa.

Tuseme boti imetoka Goma kwenda Bukavu kwa kilomita 20 kwa saa, imenyooka, haipunguzi wala haiongezi mwendo. Mtu wa Idjwi, kisiwa cha ziwa hilo, kando ya maji, anapima umbali tu, r. Boti inapompitia karibu kabisa, r ni kilomita 2. Dakika 6 baadaye imesogea kilomita 2 mbele, na r ni mzizi wa 8, kama 2.83. Umbali ulikuwa unapungua, sasa unaongezeka. Derivativu ya pili ya r (jinsi kasi ya kubadilika kwa r nayo inavyobadilika), pale pale kwenye kilomita 2, ni 20² gawanya kwa 2: 200 km/h². Mchapuko gani huo, na boti haikusukumwa na kani yoyote?

Wengi huteleza hapa: kwa kuwa derivativu ya pili ya x, umbali kwenye njia iliyonyooka ya boti, ni sifuri, wanaandika hivyo hivyo kwa r. Lakini derivativu ya pili ya r peke yake si kijenzi cha vekta ya mchapuko (vekta ni kiasi chenye ukubwa na mwelekeo). Lazima utoe r mara mraba wa kasi ya pembe. Kasi hiyo pale ni 20/2, yaani radiani 10 kwa saa. 2 × 100 ni 200. Toa 200 katika 200: sifuri. Kipande hicho cha kutoa ndicho kinachobebwa na alama za Christoffel, namba zinazoeleza jinsi mielekeo ya viwianishi inavyobadilika kutoka nukta hadi nukta, ambazo wanafunzi huziogopa bure.

Ila kanuni yenyewe isikuzwe mno. Einstein aliipa uzito mkubwa mwaka 1915 katika nadharia yake ya mvutano. Mwanafizikia Erich Kretschmann akamjibu 1917 kwamba nadharia karibu yoyote yaweza kuandikwa kwa sura hiyo. Naona alikuwa na haki: tumetoka kumfanyia Newton hivyo hivyo sasa hivi.

Tofauti kati ya athari ya viwianishi tu na mpindo wa kweli huonekana ukikokotoa tensa ya Riemann, kipimo cha mpindo huo. Kwenye ziwa letu bapa alama za Christoffel za r na θ (pembe) si sifuri zote, lakini tensa hiyo ni sifuri kila mahali. Karibu na Jua, alama hizo unaweza kuzifuta kwenye nukta moja kwa kuchagua viwianishi vizuri; tensa haifutiki.