Siku yangu moja San Francisco: kuchoronga kijito kilichofukiwa

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, chai ya rangi chapchap, naishi Oakland kwa hiyo lazima nivuke daraja kabla ya foleni. Mi ni helpa kwenye mashine ya kuchoronga udongo, kabla ghorofa halijajengwa sisi ndo tunapima huko chini kuna nini.

Saa moja tuko Mission, karibu na mtaa wa Folsom. Unaona lami na magari tu, ila zamani hapa palikuwa kijito na kinamasi, wakafukia mchanga na vifusi wakajenga. Mvua kubwa ikipiga maji yanarudi palepale, watu wa Jangwani kule Dar mnanielewa.

Saa tatu ndo kazi yenyewe. Nyundo ya kilo 63.5 inadondoshwa kutoka sentimita 76, mi nahesabu mapigo mpaka bomba lishuke sentimita 30. Udongo ulioshikana utapiga 30 na zaidi, leo tulipofika kwenye tope tukapata mawili, kushuka kidogo tena bomba linazama lenyewe kwa uzito wake, hata nyundo haijapigwa. Kufungua sampuli, juu mchanga na vipande vya matofali, chini tope la kijivu lina harufu ileile ya mikoko maji yakitoka.

Saa sita tunakula, mjiolojia wetu akianza stori hanyamazi. Mtaa wa Valencia, sio mbali, kulikuwa na hoteli ya ghorofa nne juu ya eneo la kufukia, tetemeko la Aprili 18, 1906 likaididimiza mpaka ghorofa ya juu ikawa usawa wa barabara na watu wamo ndani, na mabomba ya maji ya mtaa huo yakakatika, sasa moto uzimwe na nini? Halafu 1989, tetemeko limeanzia milima ya Santa Cruz, karibu kilomita 100 kutoka hapa, nyumba zinaanguka Marina, mtaa wa ufukweni hapahapa San Francisco! Kule nako walifukia bahari, na mchanga uliofukiwa kienyeji ukishiba maji ukatikiswa, punje zinaachiana, ardhi inakuwa majimaji, wakati vilima vya mwamba pembeni vimetikisika tu kawaida.

Saa tisa tunaziba shimo kwa saruji, kuosha mabomba, basi.

Jioni mshkaji kapiga simu, kapata chumba Marina. Nikamwambia kaka angalia kwanza ramani ya zamani, tafuta vilimani kama Nob Hill. Akanijibu, "Na kodi ya Nob Hill utalipa wewe?"