Nilivyoitoa CG125 iliyochoka kwenye cc 125 hadi 150

Pikipiki ya Honda CG125 kuukuu ikishindwa mlima, mara nyingi kinachokosekana ni nguvu yake yenyewe ya zamani. Kwa hiyo kabla ya kununua hata boliti moja nilifunga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi, nikavuta akseleta mpaka mwisho na kupiga kiki hadi mshale ukagoma kupanda. Ilisoma psi 95 (psi ni kipimo cha mgandamizo). Nikamimina kijiko cha chai cha oili ndani ya silinda, nikapiga tena, ikafika 130. Oili ikipandisha namba namna hiyo, jua ringi na ukuta wa silinda vimekwisha. Isingepanda, ningetafuta ubovu kwenye valvu.

Bloku, yaani silinda yenyewe, lilikuwa la kubadilishwa kwa vyovyote, ndipo nikachagua la 150. Injini ya CG125 ina kipenyo cha silinda cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5, yaani ujazo wa cc 124. Ya CG150 ina mwendo uleule, ila kipenyo ni milimita 62, inatoka cc 149. Krenki inabaki ileile, na hapo ndipo unafuu wa kazi hii ulipo. Sharti krenki iwe nzima: shika konirodi (mkono unaounga pistoni na krenki), ivute juu na chini. Kucheza kidogo upande kwa upande ni halali. Ikicheza juu-chini hata kidogo, pesa ya bloku ipeleke kwenye krenki kwanza.

Dukani nilikwenda na gaskiti ya chini ya bloku la zamani pamoja na vernia (kifaa cha kupimia vipenyo kwa sehemu za milimita). Gaskiti inaonyesha papo hapo kama matundu ya boliti, ya pini na ya pushirodi (fimbo zinazosukuma valvu) yanalingana na bloku jipya. Vernia ni ya kupimia slivu (bomba la chuma la ndani ya bloku) kwa nje, sehemu inayozama ndani ya kesi ya injini. Hapa ndipo wengi wanapoumia: slivu ya 150 ni pana kuliko mdomo wa kesi nyingi za 125. Yangu ilikuwa na milimita 67 kwa nje, haikuingia. Zipo kesi zilizotoka kiwandani na mdomo mpana, lakini usidhani, pima.

Kupanua mdomo ni kazi ya fundi wa leithi (mashine ya kuchonga vyuma), na kesi lazima ipasuliwe yote, yaani itenganishwe nusu mbili, krenki na giaboksi vitoke. Nimeona watu wakikwangua kwa tupa injini ikiwa imefungwa na matambara yameshindiliwa ndani. Vumbi la aluminiamu halizuiliwi na tambara. Linaingia kwenye beringi za krenki na baada ya wiki chache injini inaanza kulia. Nilimwambia fundi atoe milimita 67.5, asizidishe, kwa sababu chuma kinachobaki kati ya mdomo na matundu ya boliti ni chembamba.

Hedi nayo ina hesabu yake. Hedi ya 125 yenye uwiano wa mgandamizo wa 9 kwa 1 ina nafasi ya kuchomea mafuta ya karibu cc 15.5. Ukiiweka juu ya silinda ya cc 149, uwiano unafika takriban 10.6. Kiki inakuwa nzito, na kwa petroli ya kawaida injini inagonga mlimani. Nikachukua hedi ya 150. Nilisaga valvu zake, nikaigeuza, nikamwaga petroli kwenye chumba cha kuchomea na kusubiri dakika tano. Valvu ya ekzosi ilivuja tone kwa tone, nikarudia kuisaga.

Kabla ya kuvisha ringi kwenye pistoni, niliingiza kila moja peke yake ndani ya silinda na kupima mwanya wa ncha kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mianya). Milimita 0.2 hadi 0.3 inatosha. Ukibana zaidi, joto litazikutanisha ncha na ringi itakwangua silinda. Mianya ya ringi nikaitawanya isifuatane, alama ya IN kwenye pistoni ikaelekea upande wa kabureta, na klipu za pini zikawa mpya. Klipu ya zamani ikiruka, bloku jipya limekwenda na maji.

Boliti za hedi nilikaza kwa msalaba, kwa awamu tatu. Kwanza nilihakikisha pushirodi zimekaa kwenye vikombe vyake. Ikikaa pembeni, inapinda mara tu unapokaza. Valvu niliziacha milimita 0.08, injini ikiwa baridi na pistoni juu kwenye mgandamizo, alama ya T ya flaiwili ikiwa kwenye mstari.

Kabureta ya PZ26 niliitoa, nikaweka PZ27. Jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli) ya 95 ilikuwa ndogo: nikikimbia kwa akseleta yote mita 500 kisha kuzima ghafla na kushika klachi, plagi ilitoka nyeupe. Nyeupe ni mafuta kidogo, na mafuta kidogo ni pistoni kuyeyuka. Kwa jeti ya 105 ikawa ya kahawia kama chai ya maziwa. Kabla ya kubadili jeti, hakikisha mpira kati ya kabureta na hedi hauvuti hewa, usije ukatibu ugonjwa usiokuwepo.

Klachi ya zamani iliteleza gia ya nne siku ya kwanza. Niliweka sahani na springi mpya, na oili 20W-50 yenye alama ya JASO MA, ya pikipiki ambazo klachi yake huoga oili. Oili ya magari ya kuokoa mafuta huwa na dawa ya kulainisha inayoitelezesha klachi. Sproketi ya mbele ilitoka meno 14 hadi 15. Anayebeba magunia mlimani abaki na 14, maana meno machache huvuta vizuri zaidi.

Kadi ya usajili inataja ujazo wa injini, kwa hiyo mabadiliko haya yanatakiwa yaingizwe TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) na bima ijulishwe.

Oili nilimwaga kwa kilomita 50, halafu 300, bila kubeba abiria wala kuvuta akseleta kupita nusu hadi kilomita 500. Kompresheni sasa ni psi 165. Kwenye kilomita 300 mwanya wa valvu ya ekzosi ulikuwa umeshuka hadi 0.05, nikaurudisha.