“Bibi?”

Wiki ya tatu sasa tangu tumzike Mama, na kinachonikosesha usingizi sicho nilichokitarajia. Nilijiandaa kwa kilio. Nilijiandaa kwa ile namba yake ya simu ambayo bado iko juu kabisa kwenye orodha yangu na sina mkono wa kuifuta. Sikujiandaa kwa neno moja la mtoto wa miaka 16.

Mnakumbuka nililalamika hapa kwamba wasifu wa marehemu nimetwishwa mimi, kwa sababu katika familia yetu mtu yeyote anayeandika kitu kazini, hata kama ni mishahara ya watu, basi ni mwandishi. Niliuandika. Kaka akaukata, Dada Mkubwa akarudisha alivyovikata Kaka. Ukatoka kama wasifu mwingine wowote: alizaliwa, alisoma, aliolewa, alifanya kazi miaka 31, ameacha watoto wanne na wajukuu tisa. Katikati nikachomeka sentensi moja ya kwangu, niliyoipigania kwa simu hadi usiku wa manane: “Mama alikuwa mtu mkimya, aliyesema kwa macho zaidi kuliko kwa mdomo.” Niliipenda hiyo sentensi. Nilipofika hapo, mbele ya watu wote, nikasikia mtu kacheka.

Hakikuwa kicheko hasa. Ilikuwa ile pumzi inayokuponyoka puani kabla hujaiwahi. Sikuhitaji kuinua kichwa kujua ni nani. Wa Kati, mwanangu.

Kwenye gari, wakati wa kurudi:

“Ulikuwa unacheka nini?”

“Sikucheka.”

“Nimekusikia.”

Akaikunja ile karatasi ya ratiba mara nne, akaikunjua.

“Umesema Bibi alikuwa mkimya.”

“Alikuwa mkimya.”

Akanigeukia. “Bibi?”

Basi. Mazungumzo ndiyo hayo, yote. Hatukuongea tena mpaka nyumbani. Na tangu siku ile nimelichukua hilo neno nikaligeuza kila upande. Halikuwa na ujeuri. Lingekuwa na ujeuri ningejua pa kuanzia. Lilikuwa ni mshangao mtupu, kama wa mtu aliyeambiwa maji hayalowanishi. Na ndani ya mshangao huo, nikilisikiliza vizuri, naona kulikuwa na huruma kidogo, ya kunionea mimi. Hapo ndipo panaponichoma.

Maana mama yangu alikuwa mkimya, jamani. Nilipofaulu mtihani wangu mkubwa aliisoma karatasi ya matokeo pande zote mbili, hata ule upande usio na maandishi, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake. Hakusema kitu. Nilipoachwa na yule mchumba (mnamjua, simtaji), alikuja kukaa kwangu siku nne. Akapanga upya makabati yote, akaondoka. Hakuuliza hata swali moja. Nilijifunza kumsoma kwa jinsi anavyokitua kikombe mezani: kikitua taratibu, hali shwari, kikilia, nenda chumbani kwako. Nilimsoma hivyo miaka 44, halafu mtoto ananiuliza “Bibi?” kama vile nimewataja watu wawili tofauti.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo yake: Jumanne wamenipa ile nafasi niliyoililia mwaka mzima, Kaka na mkewe wamerudiana, na chumba cha Mama sasa ni kitupu. Sawa. Mimi nilikuwa nakunja mablanketi huku nabishana na mtoto kichwani. Kichwani namshinda kila mara. “Wewe umemjua miaka 16,” namwambia, “na nusu ya hiyo ulikuwa hujui kufunga kamba za viatu.” Ananyamaza. Halafu usiku ananirudia tena: Bibi?

Sasa Alhamisi. Wa Kati ana mtihani wa baiolojia, nikakaa naye mezani nimuulize maswali, kitabu nimeshika mimi. Tukafika kwenye uzazi. Kinasema kwamba kijusi cha kike, kikifika wiki ya 20 hivi tumboni, kinakuwa na mayai kama milioni sita hadi saba, na siku ya kuzaliwa yamebaki kati ya milioni moja na mbili. Akajibu bila kusita. Kisha akatulia, akaanza kuhesabu kwa vidole kitu ambacho hakikuwa kwenye swali.

“Kwa hiyo yai langu lilikuwa ndani yako ukiwa ndani ya Bibi.”

“Ndivyo.”

“Kwa hiyo kwa Bibi nimeshawahi kukaa.” Alivyosema, ungedhani anataja nyumba aliyowahi kupanga.

Akainuka kwenda kuosha kikombe chake, na pale kwenye sinki, mgongo kanipa mimi, akapiga mluzi. Si ule wa kupuliza hewa tu. Ulikuwa mluzi wa kweli, ulionyooka, wenye mtetemo mdogo mwishoni kama uzi unaokatwa.

“Huo umejifunza wapi?”

“Kwa Bibi.”

“Bibi?”

Nililisikia likitoka mdomoni mwangu. Mlio ule ule, hata alama ya kuuliza ilikaa pale pale. Na yeye alilisikia, maana aligeuka akaniangalia huku sabuni inamdondoka mkononi, na safari hii tulicheka wote.

Ikatoka hadithi. Kumbe Mama alikuwa anayavua kwanza meno ya bandia, anayaweka juu ya redio, anasema yanaharibu sauti. Kumbe walikuwa wanafanya hivyo kila Jumamosi mimi nikienda kazini na kumwacha mtoto kwake. Wanapiga mluzi kwa zamu, mmoja anaanza, mwingine anamalizia. Mama yangu! Mimi nikiwa na miaka minane nilishika mluzi wiki nzima, na kumbukumbu niliyobaki nayo ni yeye amesimama mlangoni akisema, “Acha.” Neno moja. Nikaacha hadi leo.

Nikamweleza Wa Kati hilo, kwa uchungu kidogo, nakiri.

“Alinisimulia,” akasema. “Alisema ulikuwa unapiga vibaya. Sana. Alisema alivumilia siku sita.”

Nimecheka mpaka nikashika meza. Siku sita! Miaka yote hii nimelibeba lile “Acha” kama hukumu, kumbe ni masikio tu ya mtu mwenye kipaji yamechoka.

Halafu, saa nane usiku, wivu ukarudi kitandani. Nisidanganye, ni wivu. Kwamba alikuwa na maneno yote hayo, na aliyasubirisha hadi akaja mtu mwingine. Nikachukua simu nikaanza kusoma soma, kama mnavyonijua, kutoka kwenye mayai nikaangukia kwenye mengine. Mwaka 1996 watafiti waliandika kwamba walikuta seli za mtoto wa kiume kwenye damu ya mama aliyejifungua miaka 27 kabla. Walitafuta za kiume kwa kuwa ndizo rahisi kutambulika ndani ya mwili wa mwanamke. Yaani mtoto anatoka, lakini vipande vyake vidogo vidogo vinaweza kubaki. Basi huenda kuna vyangu vilibaki kwake, vikamsikia akipiga mluzi kila Jumamosi. Najua sayansi haisemi hivyo. Ilikuwa saa nane usiku.

Sasa Wa Kati ananigawia. Kila siku kimoja, kwa ubahili wa hali ya juu. Ijumaa nilipewa kwamba Mama aliwahi kutolewa kwenye kwaya ya shule kwa sababu ya kuongea. Kuongea! Jana sikupewa kitu kwa sababu nimemnyang'anya simu mpaka mtihani uishe, na nadhani anajua thamani ya mali aliyoishika.

Tatizo ni Kaka. Ameipenda ile sentensi yangu, kati ya watu wote yeye, na anataka ichongwe kwenye jiwe la kaburi. “Mtu mkimya.” Fundi anasubiri jibu. Nimemwandikia Kaka asubiri kidogo, ameuliza kwa nini, na nimeshaandika jibu na kulifuta mara tatu. Nikimwambia kuhusu meno juu ya redio, naye ataniuliza “Bibi?”, ila yeye atasema “Mama?”, na sijui kama niko tayari kuwa upande ule wa swali.

Tena leseni yangu ya udereva inaisha tarehe 30 na siioni popote. Nimetafuta mikoba yote. Nina wasiwasi niliiweka ndani ya kile kitabu cha baiolojia kama alama ya ukurasa, na kitabu kimesharudishwa shule.