Jua likishuka nyuma ya miti

Leo tena nimekaa porini na kamera mpaka giza. Mie jua la wazi wazi juu ya maji haliniiti sana, nataka lile lililokatwakatwa na matawi, na kadiri ninavyopiga ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kinachobeba picha ya machweo ni mti. Jua lenyewe angani ni dogo mno jamani, upana wake ni kama nusu digrii tu, ukilipiga na simu bila kuvuta zumu linatoka kidoti cheupe. Ila weka shina mbele yake, au tawi lililojipinda, jicho linapata pa kushika. Af majani, jua likiwa nyuma yake mwanga unapenya, unaona mpaka mishipa, kijani kinawaka kwelikweli!

Ninachokipenda kuliko vyote ni kujificha nyuma ya shina. Nasimama mpaka shina lizibe jua lote, halafu nasogea kidogo kidogo mpaka chembe tu ya jua ichungulie pembeni, kamera iko f/16, yaani tundu la lenzi nimelibana liwe dogo, na hapo jua linatoa miale kama nyota. Ile miale inatokana na mwanga kupinda kwenye kingo za vile vibapa vinavyofungua na kufunga tundu la lenzi, vikiwa 6 unapata miale 6, vikiwa 7 unapata 14, maana idadi ikiwa shufwa miale inalaliana na ikiwa witiri kila mmoja unatokea peke yake, mie hili hata leo linanifurahisha. Simu nyingi tundu lake halibadiliki kwa hiyo nyota kama hiyo usiitegemee sana, we gusa tu sehemu ya anga yenye mwanga kwenye skrini halafu shusha mwanga mpaka rangi irudi. Na kama kamera yako ni ya kuchungulia kupitia kioo, tafadhali usilitazame jua humo, hasa kwa lenzi ndefu, macho hayana spea.

Mwanga napima angani pembeni ya jua, miti naiacha iwe nyeusi tii. Sipendi kabisa picha iliyovutwa vivuli kwenye programu mpaka shina linaonekana kama la saa sita mchana, weusi ule ndio unaoipa rangi nguvu. Ila miti isipandiane, ikipandiana inakuwa bonge moja jeusi halieleweki, ndo maana mti uliopukutika majani naupenda sana, kila kijiti kinasomeka. Rangi nayo, ule mpangilio wa kamera unaoitwa white balance, naweka kwenye alama ya mawingu au kivuli, nikiiachia kamera iamue yenyewe mara nyingi inapooza ule wekundu, na wekundu ndio wenyewe: jua likiwa chini mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi, bluu inatawanyika njiani, inayotufikia ni njano na nyekundu.

Kingine ni haraka. Karibu na ikweta jua linashuka karibu wima, dakika kama 2 tu linakuwa limeshuka upana wake mzima, kwa hiyo mti unauchagua mapema. Na kuna jambo nalifikiria kila nikiwa pale: hewa inapindisha mwanga, kwa hiyo duara likionekana linagusa upeo, kihalisia jua limeshapita chini yake. Tunapiga picha ya kitu ambacho kimeshaondoka! Wengi likizama wanafunga begi, mie nabaki, mawingu yanaanza kuwaka kutokea chini na matawi yanakuwa na anga yote peke yao.

Sasa kuna mti mmoja wenye panda ninaungoja. Jua halizami pale pale mwaka mzima, linahamia kaskazini mpaka mwezi wa 6 halafu linageuka kurudi kusini mpaka wa 12, na kwa nilivyosimama leo limezama kushoto kwa shina, ila kila nikienda linasogea. Likiingia katikati ya ile panda ntakuwepo, mawingu tu yasinizibie.